Mama Ameosha Akogo ya Ekisa

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza saa nane na mpaka sasa inapiga mabati ya duka langu bila kupumzika. Busia imelowa pande zote mbili za mpaka. Nimefunga mlango mapema, nimesukuma cherehani ukutani, na nimekaa chini kwenye kipande cha zulia, naandika haya kwa simu. Nakosea herufi kila neno. Sijala tangu asubuhi, lakini si njaa.

Naogopa.

Nimeliandika neno hilo mwanzo nisije nikalizunguka, maana najijua. Kwenye blogu hii nimeshaandika kuhusu sare za shule, kuhusu mabibi harusi wanaotaka gauni kwa siku mbili na kunenepa kabla halijaisha, kuhusu jirani yangu na redio yake. Mwaka mzima nimeandika juu ya kila kitu isipokuwa kaka yangu. Leo nimeishiwa vitu vingine vya kuandika.

Keshokutwa, Jumamosi, ni kumbukumbu ya Ekisa. Ni mwaka mmoja tangu tumzike Buteba, nyumbani kwa Mama, kando ya baba. Kaburi limejengewa saruji wiki iliyopita. Mama ameshapika ajono, pombe yetu ya ulezi, na chungu kimefunikwa kinangoja watu na mirija yao. Na mimi niliahidi kwamba kabla chungu hakijafunuliwa nitakaa kaburini na kupiga akogo ya Ekisa.

Nyumbani kwetu ndivyo tunavyofanya, sijui kwa wengine. Baba alipotimiza mwaka kaburini, Ekisa alikaa pale akaipiga akogo ya baba mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo ikawa yake. Jumamosi ni zamu yangu. Nikiipiga, ni yangu. Nisipoipiga, itarudi ukutani, na nadhani haitashuka tena.

Kama hujawahi kuiona akogo, ni kisanduku cha mbao unachokipakata. Juu yake zimepangwa ndimi nyembamba za chuma, nawe unazibonyeza kwa vidole gumba. Hii yetu ndimi zake ni spoki za baiskeli zilizopondwa kwa nyundo. Ekisa alizibadilisha mwenyewe, kwa sababu kazi yake Tororo ilikuwa kutengeneza baiskeli. Kila ulimi umebanwa tu, haukupigiliwa. Ukiuvuta nje, sauti inashuka. Ukiusukuma ndani, inapanda. Unene wa ukucha tu unatosha kuharibu wimbo mzima, na hakuna mashine ya kukuambia umekosea wapi. Kuna sikio lako, basi.

Mimi ni mtu wa kupima. Nipe futi ya kupimia nikuambie kiuno chako ni kipana kiasi gani hata kama unakana. Lakini sikio halina futi.

Tulipiga pamoja miaka tisa. Harusi za Tororo, mahari za Iyolwa, ubatizo wa Sikuda, na ng'ambo upande wa Kenya, ambako watu walicheza mpaka vumbi likatuingia mdomoni. Yeye alishika akogo kubwa, mimi ndogo, na kuimba kulikuwa juu yangu. Wengine walidhani sisi ni mume na mke. Ekisa alikuwa anawajibu kwamba mke wa namna hii angeshamrudisha kwao zamani.

Sasa maungamo ya kwanza. Katika miaka hiyo yote tisa sijawahi kupanga sauti ya akogo yangu mwenyewe. Hata mara moja. Kila tulipofika kwenye sherehe nilimpa Ekisa, naye alikwenda nazo zote mbili pembeni, nyuma ya turubai au chini ya ukuta wa jiko la watu, akarudi zimelingana. Mimi nilikuwa nafunga kilemba na kupasha koo. Nilikaa nasifiwa kuwa mwanamuziki na sijui hata kazi ya nusu saa ile ilifanywaje.

Maungamo ya pili ni mabaya zaidi. Siku ya mazishi watu walinitazama, wakingoja nipige. Nikaingia nyumbani kwa Mama, nikachukua akogo yangu ndogo, nikazisukuma ndimi zote ndani kabisa, moja baada ya nyingine, mpaka ikawa haitoi sauti ila tik, tik. Kisha nikatoka na kusema imeharibika. Nilidanganya mbele ya jeneza. Nilijua kwamba nikifungua mdomo kuimba, kitatoka kitu ambacho sikutaka mtu akisikie. Nitalifikia hilo. Nipeni muda.

Kwa hiyo yangu ilikuwa imekufa, lakini ya Ekisa ilikuwa nzima. Ililetwa kutoka chumba chake cha Tororo pamoja na godoro na spana zake, ikatundikwa ukutani kwa Mama jinsi ilivyokuwa. Hakuna aliyeigusa. Ndani yake kulikuwa na sauti aliyoiacha yeye, ulimi kwa ulimi, imekaa pale kama alivyoiweka. Hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuahidi. Nilijiambia, sina haja ya sikio. Nitaichukua tu ikiwa imepangwa tayari, nitafunga macho, nitapiga.

Baba mdogo, mdogo wake baba anayekaa ng'ambo, alinitumia ujumbe Jumatatu. "Asio, niambie ukweli mapema. Kama mikono haijarudi kwenye akogo, mimi nitakuja na MC na spika zake. Hakuna mtu atakulaumu. Lakini usituangushe mbele ya watu." Sikumjibu. Nilijua jibu la Mama, maana alishalisema mbele yetu sote wakati wa kupanga shughuli. "Spika hapana. Kama akogo hakuna, tunakaa kimya. Mimi nimezoea kimya."

Leo asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Buteba kuichukua, nifanye mazoezi siku mbili. Njia nzima moyo ulikuwa unanienda mbio, lakini ulikuwa woga wa kawaida, ule wa kabla ya harusi kubwa. Nilimkuta Mama uani, amevaa gauni nililomshonea, uso umemchangamka kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Akanishika mkono, akaniingiza ndani. Juu ya meza kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Akafunua.

Mbao zilikuwa zinang'aa. Na ndimi zilikuwa zinang'aa. Zote zimesimama kwenye mstari mmoja, kuanzia fupi mpaka ndefu, ncha zimelingana, kama wanafunzi waliopangwa paredi.

"Ilikuwa nashika kutu, mwanangu," Mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi naambia moyo yangu, hii kitu ya mtoto wangu haiwezi kwenda kwa kaburi na uchafu. Jana natoa hizo vyuma yote. Nasugua na majivu, napaka mafuta ya simsim. Halafu narudisha moja moja. Ekisa alikuwa anaacha hapana sawa, hii mbele, hii nyuma. Angalia sasa."

Niliangalia. Alikuwa amezitoa. Zote. Ule upande upande aliouona Mama kuwa ni uvivu wa kijana, ndio uliokuwa sauti yenyewe. Nilinyoosha kidole nikabonyeza ulimi wa kwanza, kisha wa tatu, kisha ule mrefu. Ilitoka sauti ya vijiko vinavyoanguka sakafuni.

Mama alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

"Eyalama, Mama," nikasema. Asante. "Umeiosha vizuri sana."

Angekuwa mtu mwingine ningelia kwa hasira. Lakini vidole vyake vilikuwa na majivu bado kwenye mikunjo, na ncha ya kidole kimoja ilikuwa imechanwa na chuma. Aliifunga akogo kwenye kitenge mwenyewe, akaniwekea mgongoni kama mtoto. Nimerudi Busia nayo hivyo, nimebeba akogo safi isiyo na kitu ndani.

Ninaogopa vitu vingi, ngoja niviseme vyote nipumue. Naogopa kukaa kaburini Jumamosi na kupiga vijiko. Naogopa watu watakaoinamisha vichwa kwa kunionea huruma, na wale watakaocheka nyuma ya mkono. Naogopa Mama atatambua kwamba mkono wake ndio ulioifuta sauti ya mwanawe, na atakaa na hilo maisha yaliyobaki. Zaidi ya yote naogopa kwamba haikuwa imehifadhiwa popote pengine. Kwamba jana mchana Buteba, kwenye beseni la majivu, kaka yangu alikufa mara ya pili na hakuna aliyepiga nduru.

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, na hiyo niliiogopa kuliko zote.

Nina sauti yake. Nimekuwa nayo muda wote. Siku moja tukiwa Tororo, kwenye harusi, nilikuwa na simu mpya nikawa najaribu kinasa sauti chake wakati Ekisa anapanga akogo. Nilisahau kukizima. Baada ya mazishi niliogopa kwamba simu itaicheza yenyewe, labda nikiwa na mteja, nikimpima mtu kifua huku marehemu anaongea mfukoni. Nikaitoa memori kadi, nikaitia ndani ya ule mto mdogo ninaochomekea sindano, nikaushona. Mwaka mzima nimekuwa nikichoma sindano juu yake. Wateja wameulalia kwa viwiko.

Saa kumi hivi, mvua ikiwa imepamba moto na barabara haina mtu, nilikata uzi.

Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Nilifagia duka ambalo nilikwisha kulifagia. Nilikunja vitambaa. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikaitia kwenye simu, nikatafuta, nikabonyeza.

Mwanzo ni kelele za watu na sufuria. Kisha yeye, karibu sana, kama amekaa hapa kwenye zulia.

"Asio. Imba kwanza."

Nilitupa simu. Sioni aibu kuandika. Iliangukia kwenye vipande vya kitambaa ikaendelea kuongea, na mimi nilikuwa nimejibana kwenye kona na mikono mdomoni. Ilinichukua dakika kadhaa kuitambaia na kuirudisha mwanzo.

Imba kwanza, anasema. Na mimi naimba, kivivu, mstari mmoja wa wimbo wa kumsifu bibi harusi. Kisha inasikika tik, tik ya ulimi unaosukumwa. Kisha sauti ya ulimi huo, iko chini kidogo ya yangu. Tik. Inapanda. Tik. "Tena," anasema. "Usibadilishe, baki hapo hapo." Naimba tena. Ulimi unapanda tena, unakaribia, unakaribia, unafika. "Sasa. Nimekupata." Kisha anahamia wa pili. Na mimi, Mungu anisamehe, nasikika nikisema, "Maliza basi, watu wanangoja."

Nilisikiliza mara nne.

Sikuwahi kujua. Miaka tisa nilidhani ananiambia nipashe koo. Nilidhani kule pembeni kuna kitu anachokijua yeye, sauti aliyorithi kwa baba, anaipeleka kutoka akogo yake mpaka yangu, na mimi nakuja kupanda juu yake kama abiria. Kumbe alikuwa ananitafuta mimi. Kila sherehe alizipanga ndimi kwa koo langu, jinsi lilivyokuwa siku hiyo.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi. Woga ulibadilika tu mahali pa kukaa, ukatoka mikononi ukaja shingoni. Kwa sababu maungamo ya tatu ni haya: sijaimba tangu afe. Kanisani nasogeza midomo tu. Mwimbishaji anajua na ameniacha.

Nilianza kwa kumwiga Ekisa. Nilicheza mstari ule kwenye simu, nikasukuma ulimi, nikacheza tena, nikavuta. Nusu saa kwa ndimi tatu za kwanza, jasho linanitoka na baridi hii. Zilipofika zote ilikuwa kweli sauti ya zamani, nyembamba na yenye furaha, ya harusi. Nikafumba macho, nikaipiga, nikafungua mdomo kuimba juu yake.

Sikufika. Sauti ilipanda nusu ikavunjika. Nilijaribu tena ikavunjika pale pale. Yule msichana wa Tororo anayesema watu wanangoja ana koo ambalo mimi sinalo. Limeshuka. Sijui ni kulia, au ni kunyamaza mwaka mzima, au ndivyo wanawake wanavyokuwa. Nilikaa na akogo iliyopangwa sawasawa kwa mtu ambaye hayupo, na simaanishi Ekisa.

Kuna woga ninaoujua vizuri, wa kukata kitambaa ambacho mteja amekileta kimoja tu na dukani hakipo tena. Unashika mkasi na unajua baada ya hapo hakuna kurudi. Ndio niliousikia niliposhika ule ulimi wa kwanza kwa ukucha na kuuvuta nje. Niliitoa sauti ya Ekisa kwa mkono wangu mwenyewe. Safari hii si Mama.

Kisha nikaimba kwanza.

Ilitoka chini, nzito, ina makwaruzo. Sikuipenda. Nikabaki hapo hapo kama alivyoniambia, nikavuta ulimi mpaka ukanifikia. Nikahamia wa pili. Ule mrefu ulibidi uvutwe mpaka karibu utoke, na sasa ukiupiga unaunguruma juu ya mbao. Mstari wa Mama umevurugika wote, hii mbele, hii nyuma. Nilipomaliza nilipiga zote kwa pamoja na nywele zikanisimama. Sijui kama ni nzuri. Sijawahi kusikia akogo inayolia hivyo. Ukimpigia bibi harusi atakimbia.

Na maneno ya harusi hayakukaa juu yake. Nilijaribu, yakaanguka. Yaliyokuja ni yale niliyokuwa nimeyaziba tangu siku ya jeneza, na sasa nayaandika kwa sababu nikishayaandika siwezi kusema sikuyasema.

Ekisa alinipigia simu Jumanne. Alisema kichwa kinamuuma na baridi inamwingia mifupani. Nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza, simu nimeibana kati ya sikio na bega, mguu haukuacha cherehani. Nikamwambia, kunywa dawa ulale. Akasema sawa. Jumatano sikumpigia. Alhamisi jirani yake akampeleka hospitali, malaria ilikuwa imepanda kichwani, na Ijumaa alfajiri akafa.

Kunywa dawa ulale. Hayo tu. Nimeyasikia kila siku kwa mwaka mzima kwa sauti yangu mwenyewe, na leo yametoka kwa wimbo, yakakaa juu ya ndimi zile kana kwamba zilipangwa kwa ajili ya maneno hayo. Nimeyaimba mara nyingi kwenye duka hili huku nikilia. Sijamwambia mtu yeyote habari za simu ile. Si baba mdogo, si padri, si Mama.

Simu ililia nikiwa katikati. Nilishtuka nusura niiangushe akogo. Alikuwa Mama.

"Umejaribu?" akauliza. "Hiyo vyuma nalia vizuri?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Badala yake nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, kwamba zile ndimi hazikuwa upande upande kwa uvivu, kwamba alipozitoa ile sauti ya Ekisa ilikwenda nazo, na kwamba nisamehe kukuambia, Mama, hukujua.

Mama akaguna.

"Sauti ya Ekisa? Ekisa alikuwa na sauti gani? Yeye akiimba kuku nakimbia. Ile ilikuwa sauti yako. Mimi nilikuwa nasikia kutoka jikoni, wewe naimba, yeye nafuata na hiyo vyuma. Tangu mko watoto." Akakohoa. "Piga, mimi nasikia."

Nikaweka simu sakafuni, nikaipakata akogo. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba vidole vilikosa mahali pake mara mbili. Nikaimba kwanza, bila maneno. Kisha nikapiga.

"Iko chini," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Imeshuka."

"Hata yangu nashuka."

Sikuwa nimepanga kuendelea. Lakini vidole vilikuwa vinakwenda, na wimbo ulikuwa unajua njia yake, na maneno yakatoka. Alinipigia Jumanne. Kichwa chamuuma. Nikasema kunywa dawa ulale, nina nguo za kushona. Nilisikia ninachokiimba na sikuweza kuacha. Nilipofika mwisho nilikaa na mikono juu ya ndimi kuzinyamazisha, nikaitazama simu pale chini kama nyoka.

Nilisikia mvua ya Buteba ndani ya simu. Nilisikia mbuzi. Nilidhani ameiweka simu chini akaenda zake.

"Asio."

"Naam, Mama."

"Hata mimi alinipigia."

Sikuelewa.

"Jumanne hiyo hiyo. Mimi niko shamba, napalilia muhogo. Mimi naambia yeye, kunywa chai ya moto, lala. Mimi nasema nakwenda kuona yeye Jumamosi." Sauti yake ilikuwa chini sana, chini kuliko yangu. "Jumamosi tunamzika."

Tulilia, kila mtu upande wake. Mwaka mzima nimekwenda kwake kila Jumapili. Tumekaa jiko moja, tumemenya muhogo kutoka beseni moja, na kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake simu ile ya Jumanne, akidhani ndiye peke yake aliyemwambia Ekisa alale.

Baadaye akapenga kamasi, akauliza kama nitakumbuka kuleta sukari na vikombe, maana vya jirani vina nyufa. Nikasema nitakumbuka. Kisha, kabla hajakata, akasema kama anayeagiza kitu kingine cha shughuli, "Hiyo wimbo, Jumamosi wewe unaimba kwanza. Ikifika pale pa simu, mimi naingia na yangu."

Sijui nitawezaje. Mbele ya baba mdogo, mbele ya mwimbishaji, mbele ya jirani wa Ekisa kule Tororo aliyembeba mpaka hospitali, mama mzima na binti yake wakisema kwa sauti kitu ambacho watu hupeleka kaburini. Wengine watasema tumelaani shughuli. Wengine hawatatualika tena harusini, na watakuwa na haki, kwa sababu akogo hii haijui tena kucheka, angalau si sasa.

Lakini nimemjibu baba mdogo. Nimemwandikia asibebe spika.

Mvua inapungua. Akogo iko mbele yangu, ndimi zake hazikulingana, na siigusi tena leo kwa kuogopa kuihamisha hata kwa pumzi. Halafu nakumbuka kwamba hata ikihama si kitu. Kesho asubuhi, kabla sijafungua duka, nitafungua mdomo nione kama sauti bado iko pale nilipoiacha. Ikiwa imeshuka tena, nitavuta.